Ngazi Thelathini na Nne na Kengele Moja

Jumatatu, 5 Februari

Samahani, daftari. Mara ya mwisho nakuandikia, Bosi alikuwa bado tumboni. Sasa ana meno manne na ameshatafuna kona ya jalada lako. Ningesema sikupata nafasi, lakini ulikuwa hapo hapo juu ya kabati unaona kila kitu, kwa hiyo tusidanganyane. Nilichoka. Basi.

Habari kwa ufupi. Mama mkwe alianguka nyumbani kwake mwezi wa Novemba, akavunjika nyonga, akapasuliwa, akatiwa chuma. Tangu Desemba yuko kwetu. Ghorofa ya juu kabisa, lifti hakuna, ngazi thelathini na nne — ndipo kikao cha familia kilipoona panamfaa mtu mwenye nyonga mpya. Mimi sikupiga kura. Mke wa mtoto wa kiume hana kura, ana zamu.

Baba Bosi anaendesha lori. Siku kumi na mbili barabarani, mbili nyumbani, na hizo mbili analala.

Wifi yangu, mkubwa wao, yuko mji mwingine, huko huko iliko nyumba ya mama. Ndiye aliyefunga nyumba ya mama na kukaa na ufunguo. Anampenda mama yake sana, tena kwa vifurushi. Kila wiki basi linaleta kitu: mito mitatu, blanketi, ndara za manyoya. Na kengele! Kengele ya shaba ya kuweka mezani, ili mama akihitaji kitu asihangaike kuita. Leo imelia mara kumi na tisa kabla ya saa sita. Baada ya hapo niliacha kuhesabu nikaanza kuomba Mungu.

Mara ya kumi na saba ilikuwa ya miwani. Miwani ilikuwa mapajani mwake.

Jumanne, 6 Februari

Kliniki. Vijana wawili wa gereji walimshusha mama kwenye kiti cha plastiki. Jirani wa ghorofa ya chini — mimi namwita Redio, kwa sababu hazimwi — akapiga kigelegele: "Wanakubeba kama bibi harusi!" Mama akamjibu kutoka juu kwamba bibi harusi hubebwa na watu wanaoangalia wanapokanyaga.

Daktari wa mazoezi ni kijana mwembamba. Kila sentensi yake inaishia na "tena kidogo." Ndilo jina lake sasa. Akaniuliza mimi: nani anamvalisha mama viatu? Mimi. Nani anamletea maji? Mimi. Nani anamnyanyua kitini? Mimi, nikasema, na nikajinyoosha kidogo, nikidhani napewa sifa.

"Basi wewe ndiye unayefanya mazoezi yake," akasema. "Misuli yako mizuri sana. Ya mama iko wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Miezi miwili natembea kwa magoti kwa ajili ya heshima, kumbe namlemaza mtu!

Akasema nyonga ilishapona. Miguu ndiyo imesahau kazi. Na mwili wa mtu mzima, akasema, ni kama mfanyakazi wa kibarua: siku mbili asipoitwa, anajua hahitajiki, anaondoka. Halafu akamwuliza mama anataka nini. Mama akageuka kuniangalia mimi nimjibie. Tumemzoesha hivyo. Daktari akangoja tu. Mwishowe mama akajisemea mwenyewe.

"Nataka kurudi kwangu. Kwenye cherehani yangu."

Miaka arobaini ameshona sare za shule. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Nyumba yake ina ngazi kumi na moja mbele, hazina cha kushikilia.

Tena Kidogo akaandika karatasi. Kusimama kutoka kitini bila mikono, mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Kuinua visigino akishika sinki. Kusimama kwa mguu mmoja akishika meza. Kutembea ukumbini. Baadaye ngazi. Siku atakayopanda na kushuka thelathini na nne kwa miguu yake mara mbili, bila kushikwa na mtu, atamwandikia barua kwamba anaweza kuishi peke yake.

Mama akaikunja karatasi vizuri mara nne akaitia kifuani. Najua maana yake. Huko ndiko anakozika risiti asizotaka kuziona tena.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeichukua kengele. Nimeiweka ndani ya sufuria kubwa, juu ya kabati.

Vita. Mama akataka maji. Nikamwambia, "Mama, maji yako mezani, hatua nne." Kisha akaanza kuongea na Bosi, maana mimi si mtu tena: "Unaona, baba yangu? Bibi yako amezaa watoto watatu, anakufa kiu mbele ya jagi."

Nikaendelea kupiga pasi. Hiyo ndiyo kazi yangu — nguo za watu, kikapu kwa kikapu, hapa hapa ukumbini. Nilikuwa kwenye kola ya shati jeupe. Moyo uliniambia mpe tu, mpe, ni mama huyu. Sikumpa. Nikapiga kola ile ile mara tatu.

Dakika ishirini na tano. Kisha nikasikia kiti kinalia. Akashika mkono wa kiti, akashika ukuta, akashika kabati, akafika. Akanywa glasi mbili huku ananitazama kama adui.

"Na hilo shati," akasema, "bega limeshonwa na mlevi."

Jumanne, 20 Februari

Sijaandika siku kumi na moja. Samahani tena. Bosi anaota jino la tano na anataka nchi nzima ijue.

Mazoezi yanaendelea, kwa maana ya kwamba mama anadanganya. Namsikia toka jikoni: "Moja... mbili... tano!" Kliniki leo akamwambia daktari kwamba anafanya yote, tena anaongeza. Daktari akamwomba asimame bila mikono. Akasimama mara moja, ya pili akarudi chini pwaa! Daktari hakucheka. Nilimcheka mimi, ndani kwa ndani, na Mungu ananiona.

Lakini jambo moja. Akamwuliza: cherehani unaikanyaga vipi? Mama akasema, kisigino, kidole, kisigino, kidole, kama hivi. Na miguu ikaenda! Pale pale chini ya kiti, yote miwili, haraka, kama kuna suruali thelathini zinangojewa na mwalimu mkuu. Tena Kidogo akainama kuiangalia. Akasema hilo ndilo zoezi, mama, dakika kumi mara tatu kwa siku.

Tangu turudi mimi napiga pasi, yeye anakanyaga hewa. Pasi inafuka, ndara zinagonga. Mtu akipita nje atadhani tumefungua kiwanda.

Jumatano, 28 Februari

Ametupa ndara za manyoya. Zinateleza, anasema, na zinamfanya aonekane kama paka wa tajiri. Anatembea peku.

Amejitengenezea kitu. Alitoa kipande cha lastiki pana kwenye kikapu changu cha viraka, akakishona kikawa duara, anakitia miguuni juu ya vifundo na kuvuta pembeni. Daktari alikuwa amesema kuna mpira maalumu wa dukani. Mama akasema maalumu ni jina tu, lastiki ni lastiki.

Kusimama bila mikono: mara tatu za kweli. Nilihesabu mimi. Ya nne akasema nimemwangalia vibaya.

Wifi alipiga simu. Kila siku saa nne. "Mama amepumzika? Usimchoshe mama, wifi. Mgonjwa haulizwi uji, anapewa tu." Nikasema amepumzika. Wakati huo mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ananikonyeza.

Alhamisi, 7 Machi

Ngazi. Wiki hii tumeanza ngazi. Mguu mzima unatangulia kupanda, mguu wa chuma unatangulia kushuka. Mama anaimba kabisa: "Mzima mbinguni, mgonjwa kuzimu." Kila mtu jengoni amejua.

Jumatatu kumi. Jumanne kumi na sita. Jana zote, akipumzika mara mbili, mkono kwenye reli. Nikajisahau. Nikaona sisi ni mabingwa.

Leo kwenye ngazi ya tisa kutoka chini, tukiwa tunashuka, Bosi mgongoni kwangu akanivuta nywele, nikageuza uso. Sekunde moja! Nikasikia "aa" ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Alikuwa amekaa. Hakuanguka chini kabisa — alidaka reli, akaketi kwa kishindo, kiwiko kikagonga ukuta.

Nilimshika miguu yote, nyonga, mgongo, kama napekua mzigo. Nililia. Yeye ananiambia, "We mtoto, nyamaza, mtu amekaa tu!" Kiwiko kimevimba ukubwa wa limau.

Tulipofika juu nikapanda kiti nikashusha sufuria nikatoa kengele, nikamwekea mezani. Nikasema basi. Yaishe. Kikikutokea kitu ni mimi nitakayeulizwa, siyo daktari, siyo mwanao.

Akaitazama kengele. Akanitazama mimi.

"Ukiiacha hapa nitaitupa dirishani. Na ikimpiga Redio kichwani nitasema ni wewe."

Halafu, kwa sauti nyingine, akaeleza jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ile alipoanguka kwake alilala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri. Akasema kuvunjika hakukuuma kama kule kusubiri. Alikuwa anauona mlango. "Niliogopa mlango, mwanangu. Nisije nikakaa maisha yangu yote nauangalia mlango nikingoja mtu."

Nikaichukua kengele nikairudisha kwenye sufuria. Nikamkanda kiwiko kwa maji ya baridi.

Alhamisi, 14 Machi

Nataka kumwandikia Redio shukrani, sijui nianzie wapi.

Mama sasa anapanda ngazi na kikapu kidogo mkononi. Daktari ndiye aliyesema — mtu akirudi kwake atabeba vitu, basi azoee. Tunatia mashati mawili, siyo mawe. Jana Redio alimrekodi kwa simu kutoka mlangoni pake. Bibi wa miaka sabini na moja, peku, jasho, kikapu cha nguo za watu, anapanda ngazi. Na mimi nyuma, mikono mitupu, nasema "tena kidogo, mama, tena kidogo."

Akamtumia wifi. Na maneno chini: "Sisi majirani inatuuma."

Saa nne ilipofika wifi alipiga, hakusalimia. Nimemfanya mama yake dobi! Mama aliyewashonea watoto wa mji mzima, leo anabebeshwa kufua kwa watu! Nikamwambia ni mazoezi. Akasema mazoezi ni ya wanajeshi. Nikamwambia daktari. Akasema si daktari aliyezaliwa na mama huyu, ni yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wifi! Na methali hiyo nilikuwa naitafuta mimi nimpige nayo.

Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumchukua. Amemwandalia chumba cha chini, kitanda cha kuinuka chenyewe, televisheni, na binti wa kumhudumia. Na kiti cha magurudumu. "Hatakanyaga chini tena," akasema, kama ahadi ya peponi.

Nilimpigia Baba Bosi. Simba wa barabara kuu, tani thelathini mgongoni. Akasema, "Sasa mke wangu, dada akisema, mimi nitasemaje?" Nikamwambia aangalie mbele, asije akagonga kitu.

Mama alisikia yote. Akaanza kukanyaga hewa, kisigino, kidole, haraka kuliko siku zote.

Jumanne, 19 Machi

Kliniki. Kwa miguu! Vijana wa gereji walikuja na kiti chao cha plastiki, mama akawaambia wakikalie wenyewe.

Kule kliniki zipo ngazi za nyuma. Akapanda na kushuka thelathini na nne, mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili kwenye ya ishirini na sita miguu ikatetemeka, akashika bega langu. Tena Kidogo aliona. Akasema samahani mama, barua bado. Wiki mbili, tatu. Tena kidogo.

Nikamwambia Jumamosi wanakuja kumchukua. Akakuna kichwa. Akasema huko wakimkalisha, mwezi mmoja tu, haya yote kwaheri.

Mama njiani alisema maneno mawili: "Bega lako." Nadhani alimaanisha pole. Au lawama. Kwake ni kitu kimoja.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika Bosi amelala. Niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Wifi alifika saa tano. Mama alikuwa ametaka ampokee chini, mlangoni, amesimama. Alishuka mwenyewe, mimi nyuma, Redio amejibanza mlangoni pake na simu tayari. Mama akamwambia, "Rekodi vizuri leo, mwanangu, mwanga usiuache nyuma yangu." Redio akazima simu. Mara ya kwanza tangu tuhamie.

Wifi akashuka kwenye gari, akamkumbatia mama, akalia, akamwambia, "Mama, mbona umesimama?" Ndiyo salamu.

Tukapanda. Mama mbele. Wifi akitaka kumshika, mama anampiga kofi la mkono kama mtu anayefukuza nzi. Dereva nyuma na kiti cha magurudumu kichwani. Mama akapumzika mara moja, kwenye ya ishirini. Wifi akapumzika kwenye ya nane, ya kumi na nne, ya kumi na tisa, na kwenye ya ishirini na saba akasema tutangulie tu.

Alipoingia ndani hakukuwa na kiti wazi ila cha mama, vingine vyote vilikuwa na mashati. Dereva alikuwa ameshakifungua kile chake. Wifi akajitupa hapo, anahema, anajipepea kwa kanga.

"Kinakupendeza," mama akasema.

Nilienda jikoni kucheka. Nilipaswa kuwa mtu mzima na sikuweza.

Niliporudi mama alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti chake cha mbao, mikono imekunjwa kifuani. "Haya, mwanangu. Simama bila mikono. Mara tano. Mimi na wewe." Wifi akasema mama usiwe mtoto. Mama akasimama. Moja. Mbili. Wifi, miaka hamsini na miwili, akajaribu, kiti kikarudi nyuma, akashika ukuta, akarudi chini. Tatu. Nne. Ya tano mama ilimchukua muda — nilikuwa nashika pindo la gauni langu — akasimama.

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa na jibu zuri la kejeli limekaa mdomoni, nimelipika wiki nzima.

Wifi akaanza kulia, siyo kilio cha mlangoni. Akasema, "Ninyi hamkumkuta. Mimi ndiye niliyemkuta." Alifungua mlango alasiri ile akamwona mama yake sakafuni, midomo imekauka, amejikojolea, anamwambia karibu, mwanangu, samahani sikuweza kuinuka. Kila akifumba macho anaona hiyo. Ndiyo maana ya mito. Ndiyo maana ya kengele.

Jibu langu nililimeza. Lilikuwa na miiba.

Mama akamsogelea, akiwa amesimama, akamshika kichwa akakilaza tumboni kwake. Wakakaa hivyo. Akasema polepole, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami nilikuwa hapo, mwanangu. Nilijikuta mwenyewe."

Wifi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikunywa chai. Alimshika Bosi. Aliniambia mashati yangu yamenyooka, na najua ilimgharimu. Saa tisa akaondoka bila mama. "Nitafikiria," akasema. Kiti cha magurudumu amekiacha. Kurudi nacho chini, dereva alikataa.

Jumapili, 24 Machi

Bosi amegundua kiti. Anasimama nyuma yake, anakisukuma, anatembea! Hatua sita hadi mlangoni, matako nje, anacheka peke yake. Mama anamfuata nyuma, mikono mitupu, akisema tena kidogo, baba, tena kidogo. Kifaa kimepata mwenyewe.

Ujumbe wa wifi umeingia saa nne. Mfupi. Basi linatoka kwao Jumanne, nimwandikie mama anahitaji nini, kitu kwa kitu, atafutie. Hakugusia kumchukua. Hakugusia kutomchukua pia. Nimeusoma mara tano kama mkataba.

Mama amesema andika. Amekaa kwenye kiti chake cha mbao, lastiki miguuni, anavuta na kusema. Naandika humu kwanza, nitanakili kwenye simu:

Viatu vya raba, vyeusi, vya kufunga kamba. Viko chini ya kitanda chake upande wa ukuta. Asinunue vipya.

Lastiki pana, mita mbili, rangi yoyote. Hii imelegea.

Miwani ya kushonea, siyo ya kusomea. Ndani ya kopo la vifungo.

Hilo kopo la vifungo pia, lote, asichambue.

Mkanda wa cherehani. Ule wa zamani ulikuwa unaanza kukatika. Atafute wa ngozi.

Reli ya chuma ya ngazi kumi na moja, mita nne na robo, na fundi wa kuichomelea. Hicho hakitumwi kwa basi, nikamwambia. Akasema andika, fundi ana miguu.

Mito isije. Blanketi lisije.

Na kimoja zaidi, akasema, na akaacha kuvuta lastiki. Nikajua ni kipi. Nikasimamisha kalamu. Maana kikija hicho, na barua ikija, nani atanitukania mabega ya mashati? Nani atamfuata Bosi nyuma? Wiki saba namsukuma mtu kwenda mlangoni, na leo ndiyo naona mlango.

"Umeandika?" anauliza.

Bado, mama.

"Andika, mwanangu. Tena kidogo tu."

Ufunguo wa nyumba yake.